Wauguzi Watatu, Masika ya Ndui

Miyuji, Desemba 4, 1911

Wamefika wote watatu leo, na mvua ya kwanza imefika nao. Vumbi limelala tangu mchana, na ng'ombe wamerudi zizini wakiwa wamelowa.

Bibi Agata, mkuu wa misheni yetu, alinikabidhi wanawake hao barazani. Akasema kwamba kuanzia leo mimi, Raheli, si msaidizi wa wagonjwa tu bali ni mwalimu. Anataka kila shule iwe na muuguzi wake, wa kutoa funza, kuosha macho na kufunga vidonda, na zaidi ya hayo mtu anayejua la kufanya siku maradhi ya kuambukiza au moto au njaa vitakapobisha hodi, kabla msaada haujatoka mjini. Nilimjibu ndiyo, Bibi. Moyoni nilikuwa nimenywea. Nimeuguza watu tangu nilipopona ndui nikiwa msichana, na makovu yake yamejaa usoni mwangu mpaka leo, lakini sijawahi kumfundisha mtu kitu.

Emilia anatoka Mlali. Baba yake ni mwalimu, naye anasoma na kuandika upesi kuliko mimi. Tabu ni Mgogo wa Hombolo, mke wa mfugaji. Amemwacha binti yake mdogo kwa mama mkwe. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, na mchana kutwa sikumsikia akisema zaidi ya "ndiyo". Wa tatu ni Bi Stara wa mjini, ambaye babu zake walikuja na misafara ya biashara. Mumewe, Mwalimu Mbaruku, anafundisha watoto Kurani, na Bibi Agata aliwaalika Waislamu pia kwa sababu, alisema, ndui haiulizi mtu dini yake. Bi Stara amekuja ananukia udi, na mwavuli mkononi. Ni mkubwa kuliko marehemu mama yangu. Itabidi kila asubuhi nimwamkie shikamoo mwanafunzi wangu mwenyewe.

Desemba 6

Funza. Siku nzima funza.

Desemba 9

Nimefundisha kunawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Bi Stara alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama najua kwamba yeye hutawadha mara tano kwa siku, na kwamba amezalisha wanawake na kuosha maiti tangu mimi sijazaliwa. Nikasema najua, na bado anawe. Alinawa huku akinitazama, polepole sana, maji ya birika zima yakaisha.

Nilikwenda kulala nikiwa na hasira. Yule mama haji kujifunza, anakuja kunipima.

Desemba 14

Leo nimefanya zoezi la kwanza. Niligonga kengele wakiwa wanakula, nikasema kuna mtoto darasani ana homa kali na vipele vinamtoka usoni. Fanyeni.

Emilia alisimama wima, akataja yote niliyofundisha tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukosea neno, wala hakuondoka pale alipokuwa. Tabu alikwenda darasani, akasimama mlangoni, akarudi bila kusema kitu. Bi Stara aliendelea kula. "Mwanangu," aliniambia, "kama ni mchezo, niache kwanza nimalize ugali."

Nilizunguka nyuma ya ghala nikalia kidogo. Bibi Agata amekosea kunichagua.

Desemba 15

Siku ya chanjo. Kabla ya kuwafundisha kuchanja watu, ilibidi wachanjwe wao. Emilia alifumba macho, Tabu hakufumba. Bi Stara alikataa. Alisema hataki dawa iliyotolewa kwa ng'ombe iingie mwilini mwake, na yeye ndui imemkosa miaka yote hii.

Sikubishana naye. Nilikuwa nimechoka kubishana. Akawa ananitazama usoni, akaniuliza nyumbani kwetu ilichukua wangapi. Nikamwambia ilimchukua mama na kaka zangu wawili, na mimi nilikutwa nimelala katikati yao, watu wakadhani nami nimekufa. Hakuna aliyekuwa anajua atutenge vipi, wala ajilinde vipi. Majirani waliokuja kutusaidia walirudi nayo makwao.

Bi Stara akakunja nguo mpaka begani, akanipa mkono nimchanje.

Desemba 20

Mvua. Wote watatu mikono imevimba vizuri pale penye chanjo. Bi Stara analalamika kuliko wote.

Desemba 25

Krismasi. Tulikula nyama. Bi Stara alituletea mandazi kutoka mjini.

Januari 8, 1912

Zoezi jingine, na safari hii nililifanya gumu. Nilisema mwalimu wa shule hayupo, mtungi wa maji ni mkavu, mvua inanyesha, na watoto wameanza kulia. Mvua ilikuwa kweli inanyesha.

Emilia alichanganyikiwa. Vitu alivyovijua kwa kichwa vilimtoka, akakaa chini akalia. Nilitaka kumkemea, nikakumbuka nilivyolia nyuma ya ghala, nikamwacha. Bi Stara ndiye aliyewashika watoto wa shule yetu. Aliwapanga kama mafungu ya nyanya sokoni, mmoja hapa, mwingine pale, akawaamuru waimbe. Wakaimba.

Na Tabu akaniuliza swali, la kwanza tangu aje. Alilitafuta kwanza kwa Kigogo, midomo ikimcheza, kisha akalitoa kwa Kiswahili: "Mtoto mgonjwa, jana alikaa na nani?"

Mimi nilikuwa nimewafundisha kumtenga mgonjwa. Jambo la walioketi naye jana nilikuwa nimeliweka kwa somo la juma lijalo. Tabu hakuwa amekaa kimya kwa kutoelewa. Alikuwa anatangulia mbele yetu, na lugha ndiyo iliyokuwa inamchelewesha. Nimejifunza kungoja ninapomwuliza kitu.

Januari 15

Emilia ameomba zoezi lirudiwe. Tumelirudia. Hakulia.

Januari 27

Wameondoka. Kila mmoja amepewa mfuko wenye sabuni, vitambaa safi, dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda na kisu cha chanjo. Emilia amekwenda Mlali, Tabu Hombolo, Bi Stara mjini. Misheni imekuwa kimya. Kumbe nilikuwa nimezizoea kelele za yule mama.

Februari 10

Mvua haikatiki. Wanasema huko mashariki maji yamebeba tuta la reli, na garimoshi halijafika Dodoma tangu juma lililopita. Uwele umestawi sana mwaka huu.

Februari 17

Baada ya chakula cha mchana mtu alisimama mbali nje ya ua wetu, chini ya mvua, akaita jina langu. Nilimwambia akaribie barazani, akakataa. Alikuwa Bartolomayo, kijana wa Hombolo, na alisema Tabu amemkataza kumkaribia mtu yeyote mpaka aoge na nguo zake zichemshwe. Basi akanipa habari kwa kupaza sauti, shule nzima ikisikia.

Ni ndui. Mtoto anayeitwa Yotham, wa wafugaji waliohamia kutoka magharibi, alianza homa darasani, na sasa vipele vimemfunika. Tabu amemweka katika kibanda peke yake pamoja na bibi mzee aliyewahi kuugua zamani. Mwalimu wa shule, Kefa, alitaka kuwaruhusu watoto wote wakimbilie makwao. Tabu alimzuia. Amewafungia ndani ya ua wa miiba, wanalala darasani, kwa sababu wote wamekaa na Yotham, na kila mmoja akirudi kwao atabeba ugonjwa mpaka nyumbani, kwenye tembe ya mama yake. Sasa wazazi wamekuja, wako nje ya ua, wanataka watoto wao.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kila kitu alichokifanya Tabu kilikuwa sahihi. Hata huyu kijana aliyesimama kwenye mvua alikuwa sahihi.

Nilikwenda mjini kwa daktari wa serikali. Alinipa dawa ya chanjo aliyobaki nayo, vichupa vichache, akasema nyingine haitapatikana mpaka reli itengenezwe. Akasema pia kwamba wazazi wakivunja ule ua na kutawanyika, itabidi askari wapelekwe kuwazingira. Hakulisema kwa ubaya. Lakini nawajua watu wangu. Wakiona askari watakimbilia porini na wagonjwa wao mgongoni, na ndui itaenea Ugogo yote.

Bibi Agata yuko kitandani kwa homa. Alinishika mkono tu.

Nilipokuwa nafunga mzigo, Bi Stara aliingia. Habari zilikuwa zimeshafika sokoni. Alikuwa amevaa kanga kuukuu, miguu mitupu, mfuko wake wa misheni begani. Sikuwa nimemwita. Alisema mumewe amempa ruhusa, na hata asingempa angekuja.

Februari 19

Tumefika karibu na Hombolo. Mto umefurika, na jana tulikaa ukingoni tukingoja upungue. Haukupungua, na dawa haingoji, joto linaiua. Asubuhi wanaume wawili wa ng'ambo waliturushia kamba. Vichupa tulivitia ndani ya kibuyu tulichokizungushia vitambaa vibichi, na Bi Stara alikibeba kichwani.

Katikati ya mto maji yalitufika kifuani, mchanga ukawa unakimbia chini ya nyayo. Alikuwa anasoma dua kwa sauti, mkono mmoja juu kwenye kibuyu, mwingine umenishika. Sikujua mpaka pale kwamba hajui kuogelea.

"Mwalimu," alisema, "usiniachie."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Sikumwachia.

Februari 20

Naandika nikiwa nimeketi sakafuni darasani Hombolo. Nitajaribu kueleza kwa utaratibu.

Tulikuta watu wengi nje ya ua, wanaume wana fimbo na mikuki, wanawake wamekaa kwenye matope. Niliwaamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, wachache wakaitikia. Aliyekuwa mbele ni Silvano, mtu mrefu mwenye watoto wawili mle ndani. Tayari alikuwa amekwishang'oa miiba upande mmoja. Ndani, mbali kidogo na lango, alisimama Tabu. Amekonda. Nyuma yake Mwalimu Kefa aliwashika watoto wasikimbilie kwa mama zao. Na upande wetu wa nje, mikononi mwa mama mkwe wa Tabu, kulikuwa na mtoto mdogo wa kike aliyekuwa analia na kunyoosha mikono kuelekea langoni. Alikuwa binti wa Tabu.

Nilimwuliza Tabu hali. Alinieleza bila kusogea: Yotham hali yake ni mbaya, wengine hawajaonyesha dalili, maji wanachemsha, chakula kinaachwa langoni na wao hukichukua wazazi wakishaondoka. Alisema yote hayo huku mtoto wake analia, na hakumtazama. Nikaelewa kwamba akimtazama atashindwa.

Silvano alisema amesubiri vya kutosha. Kama watoto watakufa, watakufia kwao. Akashika tena mwiba.

Hapo Tabu alisema naye kwa Kigogo, na hakupaza sauti. Naandika nilivyomsikia. "Wanao wako ndani, na wangu yuko nje. Mikono hii imemlisha Yotham. Ukifungua ua huu nitatoka nikambebe mwanangu, kwa sababu mimi pia ni mama na sitaweza kujizuia. Na wa kwanza kufa atakuwa yeye, kisha wanao. Basi fungua, kama umeamua."

Mama mkwe wake alirudi nyuma, akamfunika mtoto kwa nguo yake.

Nikaona ni zamu yangu. Niliondoa kitambaa kichwani nikasogea ili waniangalie vizuri usoni. Niliwaambia wao wenyewe wanajua kwamba mwenye makovu kama haya haugui tena, ndiyo maana yule bibi mzee yuko kibandani na haogopi. Nikawaambia chanjo ni ugonjwa mdogo unaoingia mwilini na kuufungia mlango ule mkubwa, ila hauachi kovu usoni, bali kovu moja mkononi. Tabu analo. Amemlisha mgonjwa siku zote hizi, naye amesimama.

Mtu mmoja aliuliza kama dawa hiyo ni ya watoto wa shule peke yao, na wao walioko nje waachwe wafe. Ndipo Bi Stara akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Aliketi palepale langoni, kwenye matope, akafungua mfuko wake, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, polepole, kila mtu akimtazama. Akasema yeye atachanja walioko nje na Mwalimu Raheli atachanja walioko ndani, mpaka dawa iishe, na kwamba amevuka mto ule na hajui kuogelea, kwa hiyo asitokee mtu wa kumwambia kwamba hawajali.

Mwanamke mmoja alicheka. Si kicheko kikubwa, lakini kilitosha.

Silvano aliitazama miiba aliyoing'oa. Akairudisha mahali pake, mmoja mmoja. Kisha akaweka fimbo chini, akaketi mbele ya Bi Stara, akampa mkono amchanje.

Tulifanya kazi mpaka jua likazama. Dawa imewatosha watoto wote na wengi wa wazazi. Wa mwisho kuchanjwa upande wa nje alikuwa binti wa Tabu. Bi Stara alimpakata mwenyewe. Tabu alikuwa amesimama upande wa ndani, na sasa, wakati mtoto amekwisha kuchanjwa na amelala, alimtazama.

Februari 21

Mvua. Tunangoja.

Februari 23

Yotham amefariki alfajiri. Mama yake alikuwa amekaa nje ya ua tangu mwanzo, na hatukuweza kumruhusu amshike. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya maishani mwangu, na sitaki mtu aniambie kwamba tulifanya vizuri. Tabu alikaa naye, wawili hao, miiba katikati, mpaka jioni.

Kaburi alichimba Mwalimu Kefa peke yake. Nilikuwa nimemdharau kwa kutaka kuwatawanya watoto. Leo aliniambia kwamba siku ile aliogopa, na kwamba Tabu hakumwaibisha mbele ya wanafunzi. Alimvuta kando tu, akamwomba amsaidie kufunga lango. Tangu hapo hajaondoka langoni.

Februari 26

Chanjo imeshika. Mikono ya watoto imevimba, karibu yote. Kule nje pia imeshika. Bi Stara anapita akikagua mikono kama mtu anayekagua embe.

Februari 28

Watoto wawili wana homa na vipele, mmoja ni wa Silvano. Waliambukizwa kabla hatujafika. Tumewatenga. Silvano amepewa habari na hakugusa ua. Ameleta maziwa, akayaacha langoni, akaondoka.

Machi 6

Vipele vyao ni vichache na homa inashuka. Bi Stara anasema ni kwa dua zake, mimi nasema ni kwa chanjo, Tabu anasema tuendelee kuchemsha nguo.

Machi 9

Bartolomayo ametuletea habari kutoka misheni, akazisema kutoka mbali kama alivyozoea. Bibi Agata amepona. Na huko Mlali radi imepiga jiko la shule, moto ukarukia paa la nyasi la darasa mchana watoto wakiwa ndani. Emilia aliwatoa wote kwa mstari, wakubwa wakiwashika wadogo mikono, akawahesabu chini ya mvua, akaona mmoja hayupo. Aliingia tena, akamkuta amejificha chini ya benchi, akamtoa. Hakuna aliyeungua. Baada ya hapo, wanasema, alikaa chini akalia.

Aliwatoa kwanza, kisha akalia. Nimelicheka jambo hilo mpaka Tabu akaja kuuliza nina nini.

Machi 15

Mvua imepungua. Watoto wamekuwa wakorofi, dalili njema.

Machi 26

Leo tumefungua lango. Magamba ya mwisho yalidondoka kwa wale wawili, nguo zote zimechemshwa, kibanda cha Yotham tumekichoma. Niliwaambia wazazi wangoje, nitawaita kwa majina. Hakuna aliyengoja. Silvano aliwabeba wanawe wote wawili kwa mara moja, ingawa mkubwa ni mzito. Katika Hombolo yote, nje ya ua hakuugua mtu hata mmoja.

Tabu alitoka wa mwisho. Binti yake alimtazama kama aliyemsahau, akajificha nyuma ya bibi yake. Kisha akatoka.

Aprili 1

Nimerudi Miyuji. Bi Stara amerudi kwa mumewe, na nasikia ameshawapanga watoto wa Kurani kunawa mikono kwa sabuni, pamoja na Mwalimu Mbaruku mwenyewe. Daktari wa serikali alimuuliza Bibi Agata ni daktari gani aliyekuwa Hombolo. Bibi Agata akanielekezea kidole mimi. Nikasema hapana, alikuwa Tabu.

Aprili 9

Jumatatu ya Pasaka niliondoka kwenda Hombolo kuona wanaendeleaje. Nimefika leo. Mto umebaki mchanga na vidimbwi, uwele umeanza kuvunwa, na ndege wanafukuzwa mashambani kwa kelele.

Ua wa shule umetengenezwa upya. Langoni alisimama msichana nisiyemjua, amejifunga kitambaa cheupe. Nilipotaka kupita alininyooshea kiganja. Aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akaniuliza nimetoka wapi, kama nilikolala kuna mwenye homa, na kama nina vipele. Nikasema sina. Akaniambia hata hivyo ninawe, akanionyesha mtungi na sabuni, nami nikaanza kunawa.

"Mpaka kwenye viwiko, mama," alisema.

Nilimwuliza jina lake. Anaitwa Yudith. Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha. Akasema Mwalimu Tabu, na kwamba wako wanne, kila tembe kubwa imetoa mmoja, na leo ni siku ya zoezi, hivyo haruhusiwi kumwingiza mgeni mpaka mwalimu aseme. Akaniomba nikae pale kivulini ningoje.

Ningeweza kumwambia mimi ni nani. Kutoka ndani nilisikia kengele ikigongwa, miguu ya watoto ikikimbia, kisha sauti ya Tabu, kwa Kiswahili sasa, bila kutafuta neno, ikiuliza ni nani aliyeketi na mgonjwa jana.

Nilikaa nikangoja.